Uzee wa Sarafu Sio Bei: Rupia ya Nguruwe, Florini na Shilingi ya Simba

Weka sarafu mbili mezani. Zote ni rupia moja ya Uhindi, zote ziko na uso wa Mfalme George wa Tano. Kila moja ina uzito wa gramu 11.66, na karibu asilimia 91.7 ya uzito huo ni fedha. Zote zimepita mikononi mwa watu hadi zikalainika. Moja imeandikwa 1911, nyingine 1912.

Ukizipeleka kwa sonara, ataweka kwa mizani na kukupa bei moja kwa zote mbili. Ukizipeleka kwa mtu anayekusanya sarafu, ile ya 1912 atakupa bei ya fedha iliyo ndani na kitu kidogo juu. Ile ya 1911 atakupa maradufu ama zaidi, halafu atakuuliza kama uko na nyingine nyumbani.

Tofauti ni mwaka mmoja tu. Sasa hio pesa ya ziada inatoka wapi?

Nauliza kwa sababu sai ukifungua simu hukosi video ya msee akipiga kelele: "Uko na sarafu ya zamani? Wewe ni milionea na hujijui!" Watu wanaamka usiku kupekua kopo la shosho. Wengine wanapata kweli kitu, wanapigiwa simu na "mnunuzi", wanaambiwa watume kwanza ada ya usajili, halafu ada ya usafirishaji, halafu ada ya sijui nini. Mnunuzi hayupo. Hakuwahi kuwa. Na kuna upande wa pili ambao hauongelewi sana: kuna watu wanachukua sarafu za fedha za ukweli, zilizokaa kwa familia miaka 90 ama 100, wanazipeleka ziyeyushwe kwa bei ya kilo.

Huyu wa kwanza anaamini kila sarafu mzee ni mali. Huyu wa pili anaamini sarafu ni chuma tu. Wote wanapoteza, na wanapoteza kwa kutojua kitu kimoja: mkusanyaji analipia nini hasa. Jibu liko kwa historia, na kwa bahati historia yenyewe ni ya hapa kwetu.

NGURUWE KWENYE VAZI LA MFALME

Kabla hii nchi haijaitwa Kenya, pesa yake ilikuwa rupia. Ilikuja na biashara ya Bahari ya Hindi, ikaingia bara na reli. Waingereza walipoanza kutawala hawakuleta pauni yao, waliikuta rupia ikifanya kazi wakaiacha. Kuanzia 1905 waliiweka kwa kiwango rasmi cha rupia 15 kwa pauni moja. Hata neno "pesa" lenyewe limetoka kwa paisa, sehemu ndogo ya rupia. Kwa hivyo ukitaja pesa unaongea historia bila kujua.

Mwaka wa 1911 rupia mpya ilitoka ikiwa na Mfalme George wa Tano aliyekuwa ametawazwa karibuni. Kwenye vazi lake kulikuwa na tembo mdogo, alama ya heshima za kifalme za Uhindi. Shida ni kwamba mchongaji alimpa huyo tembo mkonga mfupi na miguu mifupi. Watu wakaangalia vizuri wakasema: huyu ni nguruwe. Katika nchi yenye mamilioni ya Waislamu, mfalme amevaa nguruwe kifuani. Ilikuwa noma.

Serikali ilisimamisha ile sarafu. Zaidi ya milioni 9 zilikuwa zimeshatengenezwa, lakini karibu 700,000 tu ndizo zilizokuwa zimefika kwa watu. Zilizobaki ziliyeyushwa. Mwaka wa 1912 tembo akarudi na mkonga unaoonekana, na rupia za muundo huo zikatengenezwa kwa mamilioni mengi mwaka baada ya mwaka.

Hapo ndipo siri yote iko. Rupia ya 1911 haina fedha zaidi ya ya 1912. Haina urembo zaidi. Ina ndugu wachache. Mtu anayetaka kuwa na rupia ya kila mwaka wa mfalme huyo lazima apate moja ya 1911, na hao watu ni wengi kuliko rupia zenyewe. Ile pesa ya ziada anayolipa, analipia zile zilizoyeyushwa.

SARAFU YA MIAKA 240 AMBAYO BEI YAKE NI YA CHUMA

Sasa angalia mfano unaoenda kinyume. Kabla ya rupia kutawala pwani, pesa kubwa ya Zanzibar, Mombasa, Oman, Yemen na Uhabeshi ilikuwa sarafu moja kubwa ya fedha kutoka Austria. Ina mama mnono upande mmoja, tai mwenye vichwa viwili upande wa pili. Huyo mama ni Maria Theresa, malkia wa Austria. Watu wa pwani waliiita riale. Lile neno "sumuni" ambalo wazee wetu walitumia kwa senti 50 linatoka hapo hapo, kwa neno la Kiarabu la sehemu ya nane. Ilikuwa sehemu ya nane ya riale.

Riale ya Maria Theresa ina gramu 28 na kitu, fedha asilimia 83.3, na imeandikwa 1780. Ukiipata kwa kopo la nyumbani utaruka. 1780! Miaka zaidi ya 240! Lakini ukiuliza bei, mara nyingi utaambiwa karibu na bei ya fedha iliyo ndani, basi.

Kwa nini? Kwa sababu 1780 ni mwaka ambao Maria Theresa alikufa, na wafanyabiashara wa huku walikuwa wamemzoea kiasi kwamba walikataa sarafu yenye sura nyingine. Austria ikaendelea kuitengeneza na mwaka ule ule. Baadaye zikatengenezwa London, Paris, Roma, Bombay na kwingine, zote 1780. Hadi leo kiwanda cha sarafu cha Vienna bado kinazitoa, na bado zinasema 1780. Ni mamilioni kwa mamia ya mamilioni. Kuna chache za awali ambazo wataalamu hutambua kwa vitu vidogo kama lulu za bruchi na manyoya ya tai, na hizo huwa na bei yake. Lakini ile ya kawaida ni fedha iliyopigwa muhuri, na bei yake ni ya fedha.

Kwa hivyo mtu akikwambia sarafu ni ghali kwa sababu ni mzee, mkumbushe huyu mama.

Pia mtu asikudanganye kwamba hadithi tamu pekee inatosha. Mfalme Edward wa Nane alitawala mwaka wa 1936, hakumaliza hata mwaka, akaacha ufalme kwa sababu ya mwanamke. Kwao Uingereza hakuna sarafu yake iliyoingia sokoni. Lakini hapa Afrika Mashariki senti 5 na senti 10 za shaba zenye tundu, zile ndururu na peni, zilitoka na jina lake, na zikatoka nyingi. Mfalme ni adimu, sarafu ni za kumwaga. Ndio maana hadi leo unaweza kuipata kwa pesa kidogo sana.

Tukusanye hapo. Sarafu ya fedha hupanda juu ya bei ya chuma chake pale mambo matatu yanapokutana: zimebaki chache, kuna watu wanaozitafuta, na hiyo uliyo nayo bado inasomeka vizuri. Uzee unasaidia tu kama umepunguza idadi. Na kinachopunguza idadi mara nyingi sio panya wala moto wa nyumba. Ni serikali na bei ya fedha yenyewe.

MWAKA AMBAO FEDHA ILIPANDA HADI IKAVUNJA PESA

Vita ya Kwanza ya Dunia ilianza 1914. Uingereza ilihitaji bidhaa na askari kutoka Uhindi, na Wahindi walitaka kulipwa kwa rupia za fedha, sio karatasi. Huku kwetu wanaume walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, wale wa Carrier Corps ambao jina lao limebaki Nairobi kama Kariakor, na wao pia walihesabiwa mishahara yao kwa rupia. Fedha ikaanza kuwa haba duniani.

Ilikuwa haba hadi Aprili 1918 Bunge la Marekani likapitisha Sheria ya Pittman, iliyoruhusu dola za fedha ziyeyushwe na kuuziwa Uingereza kwa ajili ya Uhindi. Zaidi ya dola milioni 250 ziliingia motoni. Nyingi zilikuwa zile zinazoitwa Morgan, na hakuna aliyeandika ni ngapi za mwaka upi. Ndio maana mpaka leo idadi iliyotengenezwa haikwambii idadi iliyobaki. Dola ya 1893 yenye alama ndogo ya S, ya kiwanda cha San Francisco, ilitengenezwa 100,000 tu toka mwanzo, na hata ikiwa imechakaa inauzwa maelfu ya dola. Jirani yake wa mwaka mwingine, mwenye fedha ile ile, unampata kwa bei ya fedha na kitu juu kidogo.

Kwenye soko la London, aunsi ya fedha ilikuwa chini ya peni 30 kabla ya vita. Februari 1920 ilifika peni 89 na nusu. Hapo kila sarafu ya fedha ilianza kuwa na shida moja: chuma chake kilikuwa kinataka kuzidi namba iliyoandikwa juu yake. Wewe ungefanya nini? Ungeificha. Ama ungeiyeyusha.

Hii kitu iko na jina, sheria ya Gresham, lakini huhitaji jina. Ukipanda matatu na uko na noti mbili za mia, moja mpya na moja imeshikwa na selotepu, konda anapata ipi? Exactly vile unafikiria. Pesa mbovu inatembea, pesa nzuri inalala mfukoni. Fedha ilipopanda, sarafu nzuri zililala kwa masanduku, zikaenda kwa sonara kuwa bangili, zikavukishwa mpaka. Zilizobaki mkononi zikapungua.

Uingereza wenyewe walikubali yaishe: mwaka huo wa 1920 walishusha fedha kwenye sarafu zao kutoka asilimia 92.5 hadi 50. Na huku kwetu ndipo drama ilipoanza.

FLORINI, SARAFU ILIYOISHI KIDOGO

Rupia ilipanda na fedha yake. Kutoka kiwango cha shilingi moja na peni nne za Uingereza, ikafika shilingi mbili na zaidi. Sikiliza hii hesabu kwa makini. Settler aliyekuwa amekopa rupia 15,000 alijua ana deni la pauni 1,000. Rupia ikisimama kwa shilingi mbili, deni linakuwa pauni 1,500, na kahawa yake anaiuza London kwa pauni. Masettler walilia hadi London ikasikia. Mwanzoni mwa 1920 London ikaamua: rupia itakaa kwa shilingi mbili, na itengenezwe sarafu mpya yenye thamani hio, iitwe florini. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilikuwa imeundwa Desemba 1919, ofisi yake iko London, na ndiyo iliyopewa kazi.

Florini ya 1920 ina uso wa Mfalme George wa Tano mbele, na nyuma kuna simba amesimama na milima nyuma yake. Uzito ni ule ule wa rupia, gramu 11.66. Lakini fedha ni asilimia 50.

Haikukaa. Bei ya fedha ilianza kuanguka mwaka huo huo, rupia ya Uhindi ikaanguka nayo chini ya shilingi mbili, na watu wajanja wakaona mlango: nunua rupia Bombay kwa bei ya chini, zilete Mombasa ambako serikali inazihesabu kwa shilingi mbili. Serikali ikapiga marufuku kuziingiza, halafu 1921 rupia ikaondolewa kabisa kama pesa halali. Florini nayo ikatolewa, nafasi yake ikachukuliwa na shilingi ya Afrika Mashariki. Florini moja ilibadilishwa kwa shilingi mbili.

Na shilingi? Simba yule yule, milima ile ile. Uzito gramu 7.78. Fedha asilimia 25.

Hebu tupige hii hesabu pamoja, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Rupia moja ilikuwa na karibu gramu 10.7 za fedha safi. Florini iliyochukua nafasi yake ilikuwa na gramu 5.8. Shilingi mbili zilizochukua nafasi ya florini zilikuwa na gramu 3.9. Karibu miaka miwili tu. Namba kwenye karatasi inasema thamani ni ile ile, lakini karibu theluthi mbili ya fedha imeondoka mkononi mwa mtu.

Florini za 1920 zilirudishwa na nyingi hazikuonekana tena. Chache zilitengenezwa zikiwa na mwaka wa 1921, na hizo ni za kutafutwa na tochi. Ndio maana florini, hata iliyochakaa, huuzwa juu ya bei ya fedha yake. Aliishi kidogo, akaitwa nyumbani, akayeyushwa.

ALIYELIPA HASARA

Settler alilia kuhusu deni lake. Sasa alipataje kupona? Mwaka wa 1921 waajiri wazungu walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Kodi ya kibanda nayo ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16. Kwa hivyo una mtu ambaye pesa aliyoizoea imefutwa, sarafu aliyopewa ina fedha kidogo, mshahara umekatwa, kodi imepanda, na kipande kinaning'inia shingoni.

Hapo ndipo anatokea Harry Thuku. Alikuwa kijana, anafanya kazi ya simu kwa ofisi ya hazina ya serikali hapa Nairobi. Yaani alikuwa amekaa ndani ya nyumba ya pesa yenyewe. Mwaka huo wa 1921 alianzisha Young Kikuyu Association, ikafuata East African Association, na moja ya mambo ya kwanza waliyopigia kelele ni ile kata ya mishahara. Machi 14, 1922 alikamatwa. Machi 16 watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kutaka aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru akawatia aibu wanaume waliotaka kurudi nyumbani. Polisi wakapiga risasi. Hesabu ya serikali ilisema watu 21 walikufa, na yeye alikuwa mmoja wao. Baadaye mwaka huo kodi ilishushwa hadi shilingi 12.

Shuleni tulifundishwa Thuku kwenye ukurasa mmoja na sarafu kwenye ukurasa mwingine, kama vitu visivyojuana. Lakini shika shilingi ya 1922 mkononi. Hio ndiyo shilingi ya kwenye huo mzozo. Mshahara ulikatwa kwa hio. Kodi ililipwa kwa hio. Ukiniuliza mimi, hio ni sababu tosha ya kutoiyeyusha, hata kabla hatujaongea bei.

KILICHO NDANI YA KOPO LA SHOSHO

Haya, tuje kwa mambo ya mkono. Shilingi za Afrika Mashariki zenye mfalme na simba, za 1921 hadi 1946, ziko na fedha asilimia 25. Kila moja ina karibu gramu 1.94 za fedha safi, ambayo ni sehemu ya 16 ya aunsi. Ukiwa na 16, una aunsi moja. Kuanzia zile za 1948 fedha ilitolewa kabisa, ikawa ni nikeli na shaba. Na shilingi ya Mzee Jomo Kenyatta iliyotoka 1966, na zote zilizofuata mfukoni mwako, hazina fedha hata punje. Ile sarafu ya shilingi 40 ya 2003 yenye Kibaki, ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, ambayo kila mwaka inazungushwa mtandaoni kwamba inauzwa bei ya gari? Hakuna fedha ndani, na zilitoka nyingi. Ni kumbukumbu poa, iweke, lakini usiandike barua ya kuacha kazi.

Sasa shilingi ya fedha ya kawaida, tuseme ya 1924 ama 1925, iliyochakaa. Zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hivyo usitarajie muujiza. Lakini angalia kitu cha kuchekesha: uchafu wa fedha yake ndio umeiokoa. Robo tu ni fedha, zilizobaki ni madini mengine, na kutenganisha kunagharimu moto, dawa na muda. Sonara anajua hilo, ndio maana atakupa chini ya ile hesabu ya aunsi. Rupia safi ilikimbilia motoni, shilingi chafu ikabaki kwenye kopo. Kwa hivyo ukimuuzia sonara, unauza mahali ambapo sarafu yako inapendwa kidogo zaidi. Mkusanyaji hajali gharama ya kuyeyusha, kwa sababu hataki kuiyeyusha.

Ndani ya hizo za kawaida kuna miaka na alama za viwanda ambazo ni adimu kuliko zingine. Angalia mwaka kwanza, halafu utafute herufi ndogo. H ni ya Heaton, kiwanda cha binafsi cha Birmingham. Heaton huyo huyo ndiye aliyetengeneza rupia ya Mombasa ya 1888, ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, yenye taji na jua. Hio kampuni ilipata hati yake 1888, na 1895 serikali ikachukua nchi. Pesa ya kampuni iliyotawala nchi miaka saba, yenye jina la Mombasa juu yake. Ukiipata hio kwa kopo, keti chini kwanza.

Halafu, tafadhali, usiisugue. Najua mkono unawasha. Dawa ya meno, ndimu, majivu, waya wa sufuria, hapana. Ile rangi nyeusi nyeusi juu ya fedha ni ngozi yake ya miaka 100. Mkusanyaji anailipia kwa sababu inaonyesha hakuna aliyeichezea. Ukiisugua inang'aa dakika moja, na bei inarudi kuwa ya chuma. Hivyo hivyo kwa iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni. Ni kumbukumbu nzuri ya nyanya ya nyanya yako, lakini kwa mnunuzi wa sarafu imeharibika.

Ipime. Fedha haishikwi na sumaku, kwa hivyo ikinata ni feki. Uzito ukikosa kwa gramu nzima, jiulize maswali. Na kanuni ya mwisho haina msamaha: anayenunua ndiye anayetoa pesa. Mtu akitaka umlipe ili akununulie, kata simu.

BEI INAPANGWA NA NANI?

Kuna jambo moja linanikera, na sitalificha. Nimesema bei inahitaji watu wanaotafuta. Sasa jiulize ni akina nani wanatafuta florini yetu. Kwa sehemu kubwa ni wakusanyaji wa Uingereza, Marekani na Uhindi. Wao ndio wenye vitabu vya orodha, wao ndio wanaojua herufi H iko wapi, wao ndio wanaokaa kwa minada. Kwa hivyo florini ya 1920, iliyozaliwa kwa sababu ya deni la settler na kulipiwa na kibarua wa Kiambu na Murang'a, bei yake inaamuliwa na mzee fulani aliye maelfu ya kilomita kutoka hapa, ambaye kosa lake ni moja tu: anapenda historia yetu kuliko sisi.

Simlaumu. Amefanya kazi yake ya nyumbani. Ninachosema ni kwamba sarafu nyingi za nchi nyingine hupanda pale watu wa nchi hizo wenyewe wanapoanza kupata pesa kidogo na kutaka vitu vya mababu zao. Hapo ndipo idadi ya wanaotafuta inapoizidi idadi iliyobaki. Sisi bado tunaziuza kwa kilo, na tukishazimaliza tutaanza kuzinunua tena kutoka kwao kwa dola.

Kwa hivyo wikendi hii ukienda ocha, usiende na hamu ya milioni. Muombe shosho kopo lake kwa heshima, mbele yake, sio kwa kupekua. Tenga za 1946 kurudi nyuma. Soma miaka. Halafu muulize zilifikaje hapo: nani alilipwa nazo, kwa kazi gani, shamba la nani, na kodi ilikuwa ngapi. Andika majibu, na uweke hio karatasi ndani ya kopo pamoja na sarafu. Mkusanyaji wa London ana kitabu cha orodha, lakini hana shosho wako.

Ukimaliza, kama bado familia inataka kuuza, uzeni. Sio dhambi, karo ni karo. Lakini uzeni mkijua mnauza nini, na msikubali mizani ya sonara iwe ndiyo neno la mwisho.